Mtoto wa miaka 3 anabana choo, laktulosi naona haifanyi kazi

Mama Twaha:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimechoka. Mwanangu wa kiume ana miaka 3, mwezi uliopita alipata choo kigumu kikamchana, tangu hapo hataki kabisa, anajificha nyuma ya mlango anashika kochi anakaza miguu mpaka jasho linamtoka, siku 4 hata 5 zinapita. Jana famasi wakanipa laktulosi nikampa kijiko cha chai kimoja, leo kimya, anajamba tu na tumbo linaunguruma. Halafu cha ajabu chupi inachafuka kidogo kidogo kama anaharisha, sasa niongeze au niache? Bibi yake anasema nimuwekee kipande cha sabuni huko nyuma. Na mimi mwenyewe choo kinanisumbua, naweza kunywa hiyohiyo?

Nesi wa Zamu:
Pole mama Twaha. Sabuni hapana jamani, inamuunguza na ataogopa zaidi. Hapo nyuma ya mlango hasukumi, anabana, kwa nje vinafanana sana. Na hicho cha kwenye chupi sio kuharisha, ni majimaji yanapenya pembeni ya mzigo mgumu uliokwama, wazazi wengi wakiona hivyo wanasimamisha dawa wakati ndo anaihitaji.

Laktulosi ni sukari ambayo utumbo hauwezi kuifyonza, inashuka mpaka utumbo mpana inavuta maji, choo kinalainika. Inachukua siku 2 hata 3, kwa hiyo umeikatia tamaa mapema. Gesi ni bakteria wanaila hiyo sukari, inapungua baada ya siku chache. Umri wake huwa ni ml 2.5 mpaka 10 mara 2 kwa siku, tumia sirinji, vijiko vya nyumbani vinadanganya. Ila mpeleke kituo cha afya apapaswe tumbo kwanza, mzigo ukiwa mkubwa anaweza kupangiwa makrogoli, ile ya unga unaokorogwa kwenye maji. Akitapika, tumbo likivimba au ukiona damu nyingi, usingoje kesho.

Kosa la pili utalifanya wiki ijayo, choo kikilainika utaacha dawa. Usiache! Inaweza kwenda miezi, utumbo uliotanuka haurudi haraka na yeye bado anakumbuka maumivu. Akimaliza kula mkalishe dakika 5, miguu ikanyage kigoda, maji anywe, na asifokewe.

Mjomba K:
Naongezea kwa sisi wakubwa. Mzee wangu ana shida ya figo, duka la dawa fulani wakamuuzia ile magnesia nyeupe kama maziwa bila kumuuliza chochote, akanywa wiki nzima akaanza kulegea na kusinzia hovyo, tukakimbia naye, kupima magnesi imejaa kwenye damu maana figo ndo inayoitoa. Ile inavuta maji kama laktulosi lakini sio ya kila mtu, wenye figo kaeni nayo mbali.

Nesi wa Zamu:
Kweli kabisa. Mama Twaha wewe mtu mzima unaweza kuanza na ml 15 mara 2, ila kama una kisukari au unatumia dawa nyingine uliza kwanza. Na ukiona choo kimekuwa maji punguza dozi, usije ukaishiwa maji mwilini.

Mama Twaha:
Nimerudi na mrejesho. Tulienda, daktari kabonyeza tumbo akasema limejaa, akatupandishia dozi. Leo siku ya 3 saa 5 asubuhi kaniita chooni analia huku anacheka, "mama limetoka jiwe!" Kwa kweli lilikuwa jiwe, sijui lilikaaje humo. Chupa nimeiweka juu ya kabati, naendelea kumpa. Shida sasa ni bibi yake, jana alikuwa ananicheka leo anaiulizia.

Nesi wa Zamu:
😂 Hongera kwa Twaha. Bibi asiionje kwanza, ana kisukari? Presha anatumia dawa gani? Na niambie hilo tatizo lake ni la zamani au limeanza ghafla, maana mtu mzima akianza kukosa choo ghafla, na hasa akiwa anakonda au anaona damu, huyo anatakiwa apimwe, sio chupa.