Naomba ushauri: kipupwe kinakuja, bustani yangu iko karibu na bahari

Habari zenu ndugu zangu. Niko Malindi, na kusi limeshaanza kuvuma. Kipupwe cha mwaka jana, Juni hadi Agosti, kiliniumiza moyo. Upepo ulileta chumvi hadi mindimu ikaungua ncha za majani, na mwasumini alioupanda marehemu mama ukapukutika. Nilipitisha kidole juu ya jani nikaonja: chumvi tupu.

Nyasi nazo zinanitia wasiwasi. Udongo wangu ni mchanga, masika yakipiga, mbolea yote inazama chini. Je, niweke samadi ya mbuzi sasa, au ningoje mvua za Mei zipungue? Nizikate fupi, au niziache ndefu kidogo zifunike mizizi?

Jirani ananishauri nizungushe ua wa makuti upande wa baharini. Naona ni wazo zuri, ila niyasuke yabanane au niache upepo upenye kidogo? Nataka pia niwe nasuuza majani asubuhi, lakini maji ya kisima changu yana chumvichumvi, na ya bomba hayaji kila siku.

Mwenye uzoefu wa huku pwani anisaidie tafadhali. Ule mwasumini umeanza kuchipua tena, sitaki kuupoteza.