Plagi ya pikipiki ya theluji: nibaki na namba 9 au nishuke hadi 8?

Mvua_Barafu aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nina swali la plagi. Mashine ni pikipiki ya theluji ya zamani kidogo: injini ya mipigo miwili, silinda mbili, inapozwa kwa feni, kabureta mbili za Mikuni, kila silinda na yake. Kibandiko chini ya boneti kinasema NGK BR9ES. Kazi yake ni kukokota sleji yenye vifaa vya uvuvi hadi kwenye matundu tunayotoboa katika barafu ya ziwa. Kwa hiyo haikimbizwi. Inatambaa, inasimama, naiacha ingurume nikipakua, halafu inatambaa tena.

Shida ni plagi ya kushoto. Inatoka nyeusi, mbichi, inanuka petroli na oili. Ikishafika hapo injini inabaki na silinda moja na sleji haivutiki. Nikiweka mpya inaenda vizuri, siku mbili tatu mambo yale yale. Ya kulia inatoka rangi ya kahawa, haijawahi kunisumbua.

Ushauri niliopata unapingana. Mmoja kaniambia, "Kwenye baridi namna hii unataka plagi ya moto, weka BR8ES au hata 7." Mwingine ana boksi zima la B8ES zisizo na R na anaapa kwamba ni kitu kimoja, herufi tu. Wa tatu anasema niachane na zote nichukue za iridiamu. Nimsikilize nani?

Zege Zito:

Weka 8 ulale usingizi. Kwa mwendo wako wa konokono, 9 haipati joto la kujisafisha. Mimi yangu ina 8 tangu niinunue na inadunda tu.

Bi Kabureta:

Marahaba mwanangu.

Zege Zito hajasema uongo kuhusu kujisafisha, ila amekimbilia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nianze na hili la "baridi inataka plagi ya moto", maana linarudi kila msimu na limeshatoboa pistoni za watu wengi.

Plagi haiitwi ya moto au ya baridi kwa sababu ya hali ya hewa. Itazame ncha yake, ile kauri nyeupe inayozunguka kijiti cha katikati. Kwenye plagi ya moto kauri hiyo ni ndefu, joto lina safari ndefu kabla halijafika kwenye chuma na kuingia kwenye hedi (kifuniko cha silinda), basi ncha inabaki na moto wake. Kwenye plagi ya baridi kauri ni fupi na joto linatoka upesi. Ncha ikikaa chini ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi, masizi na oili haviungui, vinaganda. Ikipita 800 na kitu, inaanza kuwasha mchanganyiko yenyewe kabla cheche haijapigwa. Hapo pistoni haina muda mrefu wa kuishi.

Sasa fikiria baridi inaifanyia nini injini yako. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya sifuri kwa karibu asilimia 12. Kabureta haina kompyuta ya kujua hilo. Jeti, yaani kitundu kinachopima petroli, ni ile ile, petroli ni karibu ile ile, hewa imeongezeka. Maana yake mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, na injini inawaka kwa joto kali zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka jedwali la jeti kufuatana na baridi na mwinuko: kadiri baridi inavyozidi, ndivyo jeti inavyokuwa kubwa. Mtu akikuongezea plagi ya moto juu ya hali hiyo, amekusukuma upande ule ule wa hatari. Siku unatambaa na sleji hutaona kitu. Siku utakayofungua gesi mpaka mwisho kuwahi giza, utaona.

Halafu kuna jambo umeliandika mwenyewe na kila mtu amelipita. Inayolowa ni ya KUSHOTO PEKE YAKE. Silinda zote mbili zinafanya kazi moja, baridi moja, plagi namba moja. Kama namba 9 ingekuwa ya baridi mno kwa kazi yako, ya kulia nayo ingekuwa nyeusi. Haiko hivyo, ina rangi ya kahawa, na hiyo ndiyo rangi tunayoitafuta.

Kwa hiyo usinunue plagi za aina nyingine. Chukua plagi mbili mpya za BR9ES, ziendeshe mpaka dalili ianze, halafu zibadilishane: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Uchafu ukihamia kulia pamoja na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki kushoto, shida iko kwenye silinda ile au vitu vinavyoilisha. Mimi kwa mashine ya umri huo ningeanza na waya wa choki. Kwenye hizo Mikuni choki ni kipistoni kidogo kinachofungua njia ya petroli ya ziada, na kila kabureta ina chake. Waya wa upande mmoja ukiwa umekazwa kupita kiasi, au kukiwa na barafu ndani ya ala yake, kipistoni hakikai chini sawasawa hata ukirudisha mkono wa choki. Silinda hiyo inaendeshwa siku nzima kama inayowashwa asubuhi. Baada ya hapo tazama sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, kama inavuja, na kama mashine yako ina pampu ya kudungia petroli wakati wa kuwasha, angalia vali yake na mipira yake.

Mvua_Barafu:

Ahsante sana mama. Nimekuelewa kuhusu kushoto. Lakini kabla sijafika huko: kwani namba kubwa si ndiyo ya moto zaidi? Nina Champion ya zamani kwenye sanduku la vifaa, imeandikwa RN2C. Nilidhani 2 ni ya baridi kupindukia ukilinganisha na 9.

Bi Kabureta:

Hapo ndipo watu wanapozama. NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Champion na Bosch ni kinyume, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Hiyo RN2C yako ndiyo inayowekwa badala ya BR9ES. Kwa Denso ungeona W27ESR-U. Namba za kampuni mbili hazilinganishwi kwa macho, fungua jedwali la kubadilishia.

Koili Mbili:

Niingilie kwenye hilo boksi la B8ES, kwa sababu nimechoka kusikia "herufi tu".

Soma BR9ES kutoka kushoto. B ni kipenyo cha meno ya kufungia, milimita 14, pamoja na kichwa cha spana ya milimita 20.8. R ni kikinza kilichofungiwa ndani ya kauri, kwa kawaida omu 5,000 hivi. 9 ni daraja la joto. E ni urefu wa meno, milimita 19. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba.

Ondoa R na cheche itaendelea kuruka, hata mtaani mtu atakwambia inaruka kwa nguvu zaidi. Tatizo ni kelele za umeme inazotupa kwenye kila kilicho karibu: redio ya mawasiliano, kipimo cha mizunguko, sanduku la CDI linalotengeneza umeme wa cheche. Na mashine za siku hizi zenye kompyuta ya petroli zinaweza kuchanganyikiwa kabisa. Yaani jamaa anakupa plagi yenye makosa mawili, haina R na daraja lake ni la moto zaidi, halafu anaita kitu kimoja.

Chunga na hiyo E. Kuna BR9HS, inafanana nayo sana mkononi, lakini H ni meno ya milimita 12.7. Ukiiweka kwenye tundu la 19, ncha inabaki imejificha ndani na meno ya hedi yaliyobaki wazi yanashika masizi. Siku utakapotaka kurudisha plagi ndefu, masizi yale yatang'oa meno ya hedi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, plagi ndefu kwenye hedi ya plagi fupi inagongana na pistoni. Ukiona P, kama BPR9ES, ujue ncha imechomoza mbele. Usiiweke kama mtengenezaji hakuitaja.

Kitu kingine ambacho ni cha mashine hizi hasa, kwa sababu ya mtetemo: kile kichwa kidogo ambako kofia ya waya inabanwa. BR9ES ziko za kichwa cha kufungua kwa mkono na ziko za kichwa kimoja kisichofunguka. Tafuta za kisichofunguka. Cha kufungua kinalegea chenyewe ndani ya kofia, cheche inaanza kuruka humo humo, na utatafuta ugonjwa kwenye kabureta mpaka masika.

Zege Zito:

Haya, mmenizidi wingi 😄 Lakini iridiamu je? Hiyo hamjaijibu.

Koili Mbili:

Iridiamu ni nzuri kwa sababu kijiti cha katikati ni chembamba, milimita 0.6 kwenye NGK Iridium IX, wakati S ya kawaida ni 2.5. Cheche inahitaji volti chache kuruka. Baridi ikiwa kali na betri au kamba ya kuwashia ikiwa inazunguka kivivu, utaiona tofauti. Ila daraja la joto linabaki lile lile, 9 ni 9. Na ikilowa kwa oili inalowa kama nyingine, tofauti ni kwamba umelowesha kitu cha bei ghali. Tibu kushoto kwanza.

Mvua_Barafu:

Nimerudi na majibu. Nilizibadilisha plagi kama mama alivyosema, uchafu ukabaki kushoto. Nikafungua kofia za choki juu ya kabureta. Waya wa kulia una ulegevu kidogo ukiuvuta kwa vidole, wa kushoto umekaza kama uzi wa gitaa, hauna ulegevu hata chembe. Nimeulegeza kwa ile skrubu ya kurekebishia mpaka ukalingana na wa kulia. Nimekokota sleji tangu hapo, kungurumisha na yote, na silinda zote mbili zinavuta. Plagi ya kushoto sasa ni kahawia, nyeusi kidogo ukingoni.

Nimeagiza BR9ES za kichwa kisichofunguka. Naomba mwongozo wa kuzifunga. Na hiyo rangi, naisomaje kwa uhakika?

Bi Kabureta:

Vizuri. Ukingo mweusi kidogo kwa mashine inayotambaa usiuogope.

Rangi haisomwi baada ya kungurumisha, maana utakuwa unasoma kungurumisha. Weka plagi mpya, injini ikishapata moto tafuta eneo refu lisilo na watu, fungua gesi mpaka mwisho kwa mwendo wa kutosha, halafu ukiwa bado umeshika gesi bonyeza swichi ya kuzima na uiache isimame yenyewe. Toa plagi hapo hapo. Kahawia au rangi ya mchanga ni salama. Nyeupe kama chokaa ni petroli pungufu, punguza gesi urudi taratibu nyumbani na uongeze jeti. Ukiona vitone vya kijivu vinavyong'aa juu ya kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Usiiwashe tena mpaka uifungue.

Mwanya: fuata kibandiko. Mashine nyingi za namna hii zinataka milimita 0.7 hadi 0.8, ila ziko zinazotaka pungufu, na plagi mpya hutoka kwenye boksi na mwanya ambao si lazima uwe wako. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), pinda kile kiguu cha nje tu, kijiti cha katikati usikiegemee.

Kufunga: hedi ni ya aluminiamu na haisamehe. Ngoja ipoe, puliza uchafu kwenye shimo kabla ya kutoa plagi. Anza kwa vidole mpaka washa, ile pete ya chuma ya plagi, iguse, ikikataa itoe uanze tena, usiilazimishe kwa spana. Ikishagusa, plagi mpya izungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko kwa spana. Ya zamani ambayo washa yake imeshabanwa inataka kidogo sana, kuibana tu. Usipake grisi kwenye meno, yanateleza na utakaza kupita kiasi bila kujua.

Na zile mbichi ulizozitoa usizipige kwa mashine ya mchanga kuzisafisha. Punje zinabaki kwenye kauri na zikidondoka zinaingia kwenye silinda. Zikaushe, zisugue kwa brashi, ziweke chini ya kiti pamoja na spana ya plagi ziwe akiba.

Mvua_Barafu:

Nimepata kila kitu. Ahsanteni wote, na Zege Zito, 8 zako angalia rangi yake kabla hujafungua gesi.

Zege Zito:

Nimeangalia jana. Nimeagiza 9.