Anaitaja sheria huku anaivunja: nimfanyeje binti yangu?

Mama Binti: Wakuu, habari zenu. Binti yangu ana miaka 3. Kila akipita kwenye ndoo ya maji ya kunywa lazima atumbukize mkono. Nikimuuliza "tulisemaje?" anajibu vizuri tu, "tusitie mkono", na huku mkono umo ndani mpaka kiwiko. Mama mkwe anasema ni kiburi, fimbo mbili tatu zitamnyoosha. Mume wangu anamuunga mkono. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Kahawa: Chapa. Sisi tulichapwa na tumekua.

Mwalimu wa Chekechea: Dada, hapo hakuna kiburi. Kuna jaribio la kadi: mtoto anazipanga kwa rangi, kisha anaambiwa sasa apange kwa umbo. Wengi wa miaka 3 ukiwauliza sheria mpya wanaitaja sawasawa, ila mkono unaendelea na rangi. Wakifika 4 au 5 wengi wanabadilisha bila tabu. Sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, inayouzuia mkono, huchelewa sana kukomaa. Mpaka mtu apite miaka 20.

Funika ndoo. Mpe beseni na kikombe achezee uani, akimwaga ndani mpe tambara afute mwenyewe, bila kelele. Na mcheze "simama, kaa", ila wewe useme "kaa" huku umesimama. Mara ya kwanza atakufuata wewe! Hapo ndipo anapojifunza kujizuia.

Mzee wa Kahawa: Kwa hiyo tumsubiri mpaka aolewe?

Mwalimu wa Chekechea: Hahaha, hapana mzee wangu. Anarekebishwa kila siku. Ila akiwa na hofu, macho yake yanabaki kwenye fimbo, mambo ya maji hayamo tena kichwani.

Mama Pacha: Naongezea ahadi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa 2013: watoto walipewa kitamutamu kimoja, wakisubiri wanapata cha pili. Ambao mtu mzima alikuwa amewadanganya kabla walivumilia wastani wa dakika 3. Waliotimiziwa ahadi, 12. Ukisema "maliza uji nikupe beseni", mpe kweli.

Mama Binti: Asanteni, beseni leo leo. Sasa mama mkwe nani atamwambia?

Mama Pacha: Anza na mumeo. Yeye atajuana na mamake.