Naomba ushauri: Barolo ya 2016 (mvinyo mwekundu wa Italia), niifungue au niiweke?

Wakuu, habari zenu. Shemeji anayeishi Torino kaniletea chupa ya Barolo ya watengenezaji Bartolo Mascarello, ya 2016. Hawa ni wa kizamani hasa: zabibu za Nebbiolo za mashamba manne zinachanganywa, mvinyo unakaa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni. Mapipa madogo hawayataki kabisa. Marehemu mzee Bartolo alifika hadi kuandika kwenye lebo "No Barrique, No Berlusconi" (barrique ndiyo hayo mapipa madogo, na Berlusconi alikuwa mwanasiasa wa Italia)!

Najua inavumilia miaka mingi, ila joto la Dar halina adabu na umeme ndio huo. Nikiiweka friji ya jikoni, kizibo hakitakauka? Na nikiamua kuifungua Krismasi, niimimine kwenye jagi masaa mangapi kabla? Mbuzi choma itaendana nayo, au pilipili itaiua?