Fundi mwenzetu ni kiziwi: tuelewane vipi karakanani?

Mbao_Gikomba: Habari zenu wadau. Karakana yetu ya vitanda na kabati iko Gikomba. Amejiunga nasi fundi kiziwi, kazi yake safi sana. Anatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Sisi hatujui hata salamu. Tunamsemesha kwa kupaaza sauti ili asome midomo, lakini vipimo vinakosewa. Na akiwa kwenye msumeno wa meza, anaitwaje bila kushtuka?

Ishara_Eastlands: Acheni kupaaza sauti, mdomo unapoteza umbo lake la kawaida. Hata mkisema sawasawa midomo haitoshi: P, B na M hazitofautiani kwa macho. Tamkeni "papa", "baba" na "mama" mbele ya kioo bila sauti, mtaona. Kipimo kiandikwe kwa penseli kwenye ubao wenyewe, pamoja na kizio. Mbao za sokoni ni inchi na futi, michoro ya wateja huja kwa milimita. Namba tupu ndiyo inayoharibu ubao.

Tena, akiitikia kwa kichwa, mara nyingi maana yake ni "nakufuata, endelea". Si kwamba amekubali. Usimuulize kama ameelewa. Mpe ubao aweke alama pa kukata.

FundiStima: Usimguse kwa nyuma msumeno ukizunguka, hata begani. Zunguka uingie upande anaouona, simama kama mita 2, nje ya mstari wa msumeno, maana ubao ukikwama hurushwa kwenye mstari huo. Subiri amalize kusukuma ndipo upunge mkono.

Bora zaidi ni taa. Fungeni balbu ya LED mbele ya meza yake, swichi iwe mlangoni. Ikimweka mara mbili: niangalie. Ikibaki imewaka: zima mashine. Tyubu ya starta haifai, hukawia kuwaka. Na balbu hiyo isiwe taa ya kazi. Mota ya randa ikianza huvuta stima, taa inapepesa, naye atageuka akidhani anaitwa huku mikono iko karibu na meno ya msumeno. Iwekeeni kikingio cha bati, la sivyo mwanga wa mchana utaimeza.

Mbao_Gikomba: Asante sana. Ishara tuanze na zipi?

Ishara_Eastlands: Awafundishe yeye. Msimbunie zenu, ana lugha kamili. Katiba ya 2010, Ibara ya 120, inaitaja kati ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Anzeni na namba na alfabeti ya vidole, ya mkono mmoja, kisha simama, kata, pima, hatari. Wajifunze wote, hata kijana wa kupiga msasa. Uso nao ni sarufi: swali la ndiyo au la huinua nyusi, swali la nini au wapi huzikunja. Kwa hiyo mashine ikizimwa shusheni barakoa ya vumbi kabla ya kuongea naye, na asisimame mtu mlangoni jua likiwa mgongoni, uso hauonekani.