Mjadala: Mume kapata kazi Jubail, Saudia. Niende na watoto au wabaki Tanga?

Mama Watatu, Tanga

Asalaam alaykum, na habari zenu msio Waislamu. Jambo hili linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mume wangu ni mkaguzi wa uchomeleaji. Alikuwa Chongoleani, kwenye lile bomba la mafuta linalotoka Uganda. Mkataba wake umeisha na sasa ameitwa Jubail, Saudi Arabia, miaka miwili, kwa cheo kinachomruhusu kuchukua familia. Tuna binti wa miaka 13 anayemaliza darasa la saba mwaka huu, mvulana wa 9 na kitinda mimba wa 3. Mimi ni mwalimu wa serikali, mwaka wa kumi na moja kazini. Nikiondoka, cheki namba ndiyo basi.

Tafadhali msinijibu habari za mavazi. Baibui nimelivaa tangu nivunje ungo, na wanangu wanakwenda madrasa kila alasiri. Ninachouliza ni hiki: nchi iliyojenga sheria zake juu ya dini na juu ya mamlaka ya baba, inamlea vipi mtoto ambaye si raia wake na hatakuwa? Wakwe zangu wanasema nimeokota dodo chini ya mchungwa. Mama yangu mzazi anasema nisithubutu. Waliowahi kuishi huko waniambie.

Baba Hamza, Temeke

Dada, hapo kuna la kujadili? Watu wanauza viwanja wapeleke watoto Ulaya wakaharibike, wewe umeletewa nchi ya Makka na Madina mlangoni unaanza kujiuliza. Huku kwetu Temeke Jumamosi hatulali kwa ngoma za vigodoro, watoto wa miaka kumi wanakata viuno mbele ya wazazi wao. Kule adhana inawaita mara tano, pombe hakuna, binti anatembea kwa stara. Watoto watarudi na Kiarabu na Kurani kifuani. Mke anamfuata mumewe. Funga mizigo.

Fundi wa Dammam

Kaka Baba Hamza, mahubiri hayalipi ikama, kile kibali cha ukaazi. Tuanze na hela.

Tangu Julai 2017 kila mtegemezi wa mgeni analipiwa kichwa. Ilianza riyali 100 kwa mwezi, ikapanda mia kila mwaka hadi ikafika 400 mwaka 2020. Shemeji, wewe na watoto ni vichwa vinne, yaani riyali 1,600 kwa mwezi, 19,200 kwa mwaka. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75, kwa hiyo hapo ni dola 5,120 zinazokwenda serikalini kwa sababu tu mko hapo. Msipolipa, ikama haihuishwi. Muulize mume nani analipa. Kama mkataba umekaa kimya, jueni ni mfuko wenu.

Ada hiyo ilipoanza nilikuwa naishi jengo la nyumba kumi na mbili, Wamisri, Wapakistani, Wasudani, watoto wanacheza mpira kwenye korido hadi usiku. Mwaka ulipogeuka tulibaki familia tatu. Makochi yaliuzwa ngazini kwa bei ya kutupa. Baba anabaki peke yake, anapanga chumba na wenzake watano, familia inarudi Lahore.

Shule sasa. Ya serikali ni Kiarabu kitupu. Za mtaala wa Kiingereza na Kimarekani, ada yake inameza mshahara. Wengi wetu tunaangukia za Wahindi, mtaala wa CBSE: zinafundisha kwa Kiingereza, hesabu zao ngumu, na mfuko unamudu. Lakini mwaka wao unaanza Aprili. Binti yako akifanya mtihani wa darasa la saba Septemba, ama anakaa nyumbani mpaka Aprili, ama anaingizwa katikati ya mwaka akiwa amepigwa chenga tayari. Akirudi Tanzania baada ya darasa lao la kumi, cheti kinapelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kulinganishwa. Inawezekana, wangu wa kwanza amepita njia hiyo. Kiswahili tu ndicho hakukisoma hata siku moja.

Dada wa zamani wa Khobar

Nimeishi Khobar miaka sita. Sina ugomvi na Wasaudia, jirani yangu wa Kisaudi alinilelea mtoto nilipolazwa. Nitasema kisa kimoja tu.

Baba yangu alifariki Muheza, Alhamisi usiku. Mume wangu alikuwa kwenye zamu ya wiki mbili jangwani, huko simu inashika kwa bahati. Mke aliye kwenye ikama ya mumewe hatoki nchini bila viza ya kutoka na kurudi, na viza hiyo anaitoa mume, kwenye programu ya serikali inayoitwa Absher. Akaunti ni yake, nambari ya uthibitisho inaingia kwenye simu yake. Tiketi nilishakata. Niliketi kwenye zulia, begi limefungwa, binti yangu anampigia baba yake kila dakika tano kwa simu yake ili yangu ibaki na chaji. Hapatikani. Alipopatikana ilikuwa Ijumaa, Laasiri imeshapita. Viza ilitoka kwa dakika nne. Baba walishamzika baada ya sala ya Ijumaa.

Hapo hakuna mbaya. Mume wangu alilia kuliko mimi. Kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa sheria, na hicho ndicho kilichonifanya nirudi na watoto mwaka uliofuata.

Baba Hamza, Temeke

Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Ila hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 2019 walibadilisha, mwanamke wa miaka 21 anasafiri bila idhini ya mtu.

Dada wa zamani wa Khobar

Amin. Yale ya 2019 ni ya wanawake wa Kisaudi na pasipoti zao, kaka. Mgeni anafuata ikama.

Na kama unataka kuhesabu mabadiliko, hesabu yote. Mutawa, wale polisi wa dini, walinyang'anywa mamlaka ya kukamata watu Aprili 2016. Majumba ya sinema yalifunguliwa 2018. Juni mwaka huohuo wanawake wakaanza kuendesha magari, mimi mwenyewe nilipata leseni. Mgeni halazimiki tena kuvaa abaya, anatakiwa stara tu. Riyadh sasa kuna matamasha ya muziki uwanja mzima. Hiyo Saudia unayompelekea dada akafichie watoto dhidi ya vigodoro ni ya kanda za mawaidha za zamani. Watoto wa huko wana TikTok kama wa Temeke, tena wana intaneti ya kasi na chumba cha peke yao.

Mama Watatu, mkikubaliana kwenda, ya kwanza kumwomba mumeo ni viza ya kutoka na kurudi ya safari nyingi, yako na ya watoto, riyali 500 kwa kichwa kwa miezi mitatu, na ikiisha anahuisha. Watakuambia unamtilia mume shaka. Gari likiwa na tairi la spea hatusemi dereva mbaya.

Mpita Njia

Riyali 500 mara vichwa vinne, kila miezi mitatu? Fundi, rudisha kikokotoo.

Fundi wa Dammam

2,000 kila miezi mitatu. 8,000 kwa mwaka, ukihuisha hivyo hivyo. Dada hajakosea, ila watoto wanaweza kusubiri. Akatiwe mama peke yake.

Dada wa zamani wa Khobar

Mama peke yake aende msibani, wa miaka mitatu amwachie nani na baba yuko jangwani?

Binti Jeddah, sasa Mombasa

Mwazungumza watoto, watoto, na hakuna aliyekuwa mtoto huko. Basi mie hapa. Nimezaliwa Jeddah, nimerudi Mombasa na miaka 19.

Kuzaliwa kule si uraia. Unakua ukijua kwamba siku babako akiachishwa kazi, nyumba yenu, shule yako, marafiki zako, vyote vina tarehe ya mwisho. Hili halisemwi mezani lakini mtoto analisikia. Tulikuwa hatununui fanicha nzuri. Mamangu kila kitu akisema, tutanunua kwetu. Kwetu nilikuwa nimekuona mara tatu.

Siku moja, nikiwa na miaka minane, kijana mmoja kwenye lifti aliniambia "abda". Nikamuuliza mamangu maana yake. Akanyamaza kidogo, akanambia maana yake ni mja wa Mungu. Hakunidanganya, neno lenyewe ndilo hilo. Nikajiita hivyo mwaka mzima, hata kwenye daftari niliandika, mpaka rafiki yangu wa Kieritrea akanieleza kwamba wakimwambia mtu mweusi wanakusudia mtumwa. Sikumlaumu mamangu. Lakini nilijua tangu siku ile kwamba kuwa Mwislamu kwenye nchi ya Waislamu hakukufanyi mwenyeji.

Nilirudi Mombasa nikawa mgeni mara ya pili. Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni, naagiza chai vizuri lakini barua ya kuomba kazi siwezi kuandika. Wasichana wa mtaani Old Town wakaniita Mwarabu. Jeddah mweusi, Mombasa Mwarabu, haya.

Mazuri pia niyaseme, nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Umra kwetu ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari, tukitoka baada ya Isha na kurudi alfajiri tunasinzia. Usiku nimetembea bila hofu. Tajwidi yangu hapa Mombasa wananiomba nifundishe. Ningemchukua huyo wa miaka 3 na wa 9 bila kusita. Huyo wa 13 muulizeni mwenyewe. Mie hakuna aliyeniuliza, kwenda wala kurudi.

Nesi wa Kilimanjaro

Naomba niseme la upande mwingine. Mimi ni Mkristo, nilifanya kazi Riyadh miaka minne. Mkataba wangu ulikuwa wa mtu mmoja, watoto hawaruhusiwi. Kwa hiyo wanangu wawili walilelewa na bibi yao Marangu na mimi niliwaona kwenye simu. Yule mdogo aliacha kuniita mama. Akawa ananiita kwa jina langu, kama anavyosikia bibi yake ananiita.

Kanisa Saudia hakuna. Watu wakisema hivyo mnadhani ni machache. Hakuna hata moja. Tulisali chumbani Ijumaa, wanne watano, sauti chini, tumewasha televisheni. Ila wagonjwa wangu walinipenda, Ramadhani walikuwa wananiwekea tende na sambusa, na wengine waliniombea kwa dua zao nami nikaitikia.

Ninachotaka kusema ni kwamba swali la kwenda na watoto au kuwaacha ni la waliojaliwa cheo. Hao mabinti wa Kenya na Uganda wanaokwenda kazi za ndani, wengi wana watoto, na hakuna anayewauliza. Mama Watatu, kama una njia ya kuwa nao, usiwaache. Mtoto anasahau haraka mno.

Mzee wa Ruwi, Muscat

Wanangu, kwa nini msije Oman? Huku Kiswahili hakitupwi. Sultan Qaboos alipotwaa nchi 1970 aliwaita walio ng'ambo warudi kujenga, na waliotoka Unguja na Pemba tukaja na lugha yetu. Sokoni unapewa salamu ya Kiswahili. Nesi, na makanisa yapo, hapa Ruwi na kule Ghala, ardhi alitoa Sultan mwenyewe. Ila nisiwafiche: mjukuu wangu namsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiarabu.

Fundi wa Dammam

Mzee shikamoo. Tatizo kazi imeitwa Jubail.

Mzee wa Ruwi, Muscat

Marahaba. Haya, mie nimesema tu.

Mama Watatu, Tanga

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na mume nimemsomea. Kuhusu ada ya vichwa alikuwa hajui. Amewaandikia kazini kuuliza, wamejibu kwamba watalipia mke na watoto wawili. Wa tatu juu yetu. Basi ndiyo hivyo, kitinda mimba ana bei yake.

Tumekubaliana aende kwanza peke yake amalize miezi mitatu ya majaribio. Mimi naomba likizo bila malipo badala ya kuacha kazi, wakinikubalia. Viza ya safari nyingi nimeitaja. Alinuna siku moja, ya pili akasema sawa.

Baba Hamza, nakushukuru kwa nia njema. Ila umesema mke anamfuata mumewe, hukusema lolote kuhusu kitu ambacho mke anafanya akishafika.

Baba Hamza, Temeke

Dada, si ulisema unataka kuambiwa na walioishi huko? Mimi nimefika Umra tu, siku kumi. Sibishi tena. Ila vigodoro vipo, njoo Jumamosi usikie.

Mama Watatu, Tanga

Jana usiku nilimwita binti nikamuuliza, kama dada wa Mombasa alivyonishauri. Nilidhani ataniuliza habari za marafiki zake, au baba yake. Mwaka huu alichaguliwa timu ya wilaya ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anacheza GS, mfungaji. Akafikiri, akasema: "Mama, kule kuna netiboli?"

Nikamwambia sijui. Fundi, wewe una watoto shuleni. Ipo?

Fundi wa Dammam

Badminton ipo. Kriketi ipo, lakini ni ya wavulana. Netiboli, shemeji, sijaiona. Nitamuuliza mke wangu leo jioni.