Mama mkwe anataka binti yetu aitwe Kevina. Hili si jina la mwanamume?

Karani_wa_Mpakani:

Wapendwa, mulembe. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kupitisha makaratasi ya malori, kwa hiyo nashinda na kulala na Kiswahili, maana dereva wa Mombasa na wa Bukavu hawana lugha nyingine ya kugombana nami. Leo sikuja na habari za malori.

Tarehe 3 Juni mke wangu amejifungua binti, kilo tatu na nusu. Redio ya mlinzi ilikuwa inarusha misa ya Mashahidi wa Uganda kutoka Namugongo, kwaya inaimba huko na mtoto anaimba zake wodini. Jina la ukoo halikuwa na mjadala: mvua ilikuwa inanyesha, mama yangu akasema Nafula, kwisha.

Vita iko kwenye jina la ubatizo. Mke wangu ni Muganda wa Nkokonjeru. Mama yake, ambaye kwa desturi ya kwao siruhusiwi hata kukaa naye chumba kimoja, ametuma neno kwa simu ya mke wangu: mtoto ni Kevina. Nikauliza kwa nini. Jibu likarudi: "Mwambie ni Kevina."

Nikamweleza kaka yangu aliye Nairobi. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akauliza, "Kevo ananyonya vizuri?" Huko kwao Kevo ndiye Kevin, na kila mtaa una wake, mmoja kinyozi, mwingine kondakta. Na katekista wetu naye anataka nimtajie mtakatifu wa jina hilo kabla ya Jumapili ya ubatizo.

Naomba mnisaidie: limetoka wapi, maana yake nini, na je, mwanamke analibeba?

Boda_Mstaarabu:

Muite Immaculate, ulale usingizi.

Mkunga_wa_Zamani:

Mwanangu, hongera, na umpe mzazi mwenzako pole ya uchungu. Umebisha mlango wenyewe. Mimi naitwa Kevina, nina miaka sitini na mitatu, na hakuna siku niliyowahi kuwa mwanamume, isipokuwa moja nitakayokusimulia.

Jina ni la Waairishi, si la Waingereza. Zamani waliliandika Cóemgein. Sehemu ya kwanza ina maana ya upole, uzuri, kupendwa. Ya pili ni kuzaliwa. Yaani mtu aliyezaliwa mzuri, mpendwa tangu tumboni. Waingereza walipolishika ulimi ukawashinda, likabaki Kevin.

Mtakatifu unayemtafuta yupo. Ni abate aliyeanzisha monasteri kwenye bonde la Glendalough, jimbo la Wicklow, na jina la bonde hilo kwa lugha yao ni bonde la maziwa mawili. Mapokeo yanasema alifariki mwaka 618. Wanamsimulia kwamba alikuwa akisali amenyoosha mkono, ndege mweusi akaja akajenga kiota kiganjani na kutaga, naye akakaa hivyohivyo mpaka makinda yakaanguliwa. Kama mkunga nina maneno yangu juu ya hadithi hiyo, maana najua mkono unavyokufa ganzi ukishikilia kichwa cha mtoto kwa dakika kumi tu. Lakini tuiache.

Sasa kaa chini. Sikukuu ya mtakatifu Kevin ni tarehe 3 Juni. Siku ileile ya Mashahidi wetu. Huku tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo mwaka 1886, hakuna anayekumbuka kwamba siku hiyo kuna mzee wa Ireland pembeni. Katekista wako ukimwambia hilo atanyamaza.

Lakini mama mkwe wako hamfikirii mzee huyo. Anamfikiria Mama Kevina.

Huyu alizaliwa Teresa Kearney mwaka 1875 karibu na Arklow, Wicklow hiyohiyo ya Glendalough. Alipoingia utawa akapewa jina la mtakatifu wa kwao. Hapo ndipo kaka yako wa Nairobi anapopotea: watawa wa enzi zile walipokea jina la mtakatifu bila kujali ni wa kiume au wa kike, ndiyo maana ulikutana na Sista Paulo na Sista Yohana. Januari 1903 alifika Nsambya, Kampala, na wenzake watano, wakaanza kutibu watu chini ya mwembe. Kutoka hapo zikaja shule, hospitali, nyumba za wenye ukoma Nyenga na Buluba, na mwaka 1923 shirika la masista Waafrika pale Nkokonjeru, wale Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Midomo yetu haipendi kufunga neno kwa "n", basi Sista Kevin akawa Kevina. Lile "a" tulilitia sisi.

Jina likakua mpaka likamwacha mwenyewe. Kwetu lilikuja kuwa neno la hospitali. Bibi yangu hakusema "nimpeleke hospitali". Alisema "nimpeleke kwa Kevina", hata kama ni zahanati ya serikali ambayo Mama Kevina hakuwahi kukanyaga. Alifariki Marekani mwaka 1957, akazikwa Ireland, na watu wa huku hawakukubali. Walichanga pesa, mwili ukaletwa, na kaburi liko Nkokonjeru. Mama mkwe wako amekua akipita karibu nalo. Ndiyo maana haelezi. Kwake ni kama umuulize kwa nini maji yanalowesha.

Ile siku yangu ya uanaume: semina ya wakunga, miaka mingi iliyopita. Mtu wa orodha alisahau "a". Nikafika usiku na sanduku langu, nikapewa ufunguo, nikafungua mlango, ndani kuna bwana mzima amevaa taulo anapiga mswaki. Sijui nani kati yetu alipiga kelele zaidi. Basi ukiandikisha, isimamie hiyo herufi ya mwisho. Ingawa nakwambia pia, wapo wanawake wengi wa Uganda wanaoitwa Kevin bila "a", na wanaishi nalo vizuri tu.

Afande_Lori:

Shikamoo mama mkunga. Naongeza kidogo.

Nilikuwa naendesha lori la maji Bihanga, huko Ibanda, wakati wazungu wa Umoja wa Ulaya walipokuwa wanafundisha wanajeshi wa Somalia, miaka ile baada ya 2010. Waairishi walikuwepo. Sajini mmoja alikuwa na picha ya binti yake ndani ya kofia. Nikamuuliza jina. Akaokota boksi la biskuti, akaandika kwa kalamu nene: CAOIMHE. Nikasoma kama tunavyosoma sisi, herufi moja haiachwi: "Ka-o-im-he." Alikaa chini kwenye tairi akicheka. Kumbe inasomwa "Kwiva", na sehemu nyingine za kwao "Kiva". Hiyo "mh" yao ni "v"! Jeshini nimeona mengi ya kuficha, lakini kuficha "v" ndani ya "mh", hapana.

Akaniambia ndilo jina la kike la shina moja na Kevin, ambaye kwa Kiairishi cha leo ni Caoimhín. Kwao, kwa binti, wanachagua hilo la Caoimhe, na wanalipenda sana. Kwa hiyo, ndugu karani, ukitaka la kike kabisa la Ireland liko. Ila ukimwandikia katekista wa Busia "Caoimhe", mtoto atabatizwa akiwa na mvi.

Mjaluo_wa_Hamburg:

Habari za nyumbani. Mimi ni wa Tororo, naishi Ujerumani, na nilipoona kichwa cha habari nilishtuka kidogo.

Huku Kevin lina hadithi ya kusikitisha. Lililetwa na mpira na filamu: Kevin Keegan alicheza hapa Hamburg kuanzia 1977 hadi 1980, halafu 1990 ikatoka ile filamu ya Krismasi ya mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani, na mwigizaji Kevin Costner naye akawa kila mahali. Mwaka 1991 likawa jina lililoongoza kwa watoto wa kiume Ujerumani. Ufaransa nako lilishika juu miaka hiyohiyo. Baada ya hapo wenye pesa wakaanza kulidharau, likaonekana jina la watoto wa maskini wanaoshinda mbele ya televisheni. Mwaka 2009 walimu wa shule za msingi waliulizwa kuhusu majina ya wanafunzi, mmoja akaandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa aliogundua daktari. Mwalimu huyo! Mtoto hajafungua daftari, ameshahukumiwa kwa jina alilopewa akiwa na siku mbili.

Nikiwaambia wenzangu kazini kwamba nyumbani Kevina ni mtawa, na ni hospitali, wanadhani natunga. Mpeni tu. Akija kusoma huku, nitamsindikiza mwenyewe ofisi ya uhamiaji.

Karani_wa_Mpakani:

Nimerudi, samahani, foleni ya malori ilifika mpaka sokoni.

Mama mkunga, asante sana. Nilimsomea mke wangu maneno yako na simu ikiwa wazi, mama yake akisikiliza upande wa pili. Ulipofika pale pa tarehe 3 Juni na mzee wa Ireland, kukawa kimya. Kisha nikamsikia anamuuliza mke wangu kwa Kiganda, taratibu, kana kwamba mimi sipo: "Huyo mkwe ndiye amesoma hayo yote?" Mke wangu hakumwambia ni wewe. Na mimi sikumsahihisha, Mungu anisamehe.

Kaka yangu nimemtumia habari ya Ujerumani. Amejibu kwamba sasa anataka kubadilisha jina la mtoto wake wa pili, ambaye, kumbe, ni Kevin.

Afande, lile la Caoimhe nililiandika kwenye karatasi nikamwonyesha katekista kwa utani. Aliigeuza karatasi juu chini, akanirudishia.

Ubatizo ulikuwa jana. Karani wa parokia alikuwa na haraka, watoto walikuwa kumi na saba. Nafula Kevina. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka "a" ikaingia kwenye daftari, nikangoja wino ukauke.